Kipimajoto Kilisema Kweli, Kompyuta Ikakataa

Rafiki yangu mmoja, mwanaprogramu mwenzangu, aliona faili zilizokuwa wazi kwenye tarakilishi yangu juzi akacheka. "Mkenya na barafu ya Aktiki, wapi na wapi?"

Swali lake ni halali kabisa. Mimi ni mtu wa Ahero, nimekulia kando ya mashamba ya mpunga, kwenye joto na mbu. Barafu niliyoizoea ni ile ya friji ya dukani, na ile ya kilele cha Mlima Kenya siku mawingu yakikubali kupisha. Shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta, si ya hali ya hewa. Riziki yangu naipata kwa kuandika programu za wateja.

Lakini kwa miezi kadhaa sasa, jioni nikimaliza kazi, nimekuwa nikipakua data za vituo vya kaskazini ya mbali: Utqiagvik huko Alaska, Alert huko Kanada, na Zeppelin kwenye visiwa vya Svalbard vya Norwe. Nilianza kwa sababu nilitaka data halisi za miaka mingi nijifunzie kuchora grafu. Nimeendelea kwa sababu nilichokikuta ndani kinanihusu kuliko nilivyodhani. Leo nataka kukusimulia, msomaji wangu, na nitajitahidi kutokukuchosha kwa istilahi.

Tuanze na faili yenyewe

Kituo cha Utqiagvik kinaendeshwa na NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga. Mji huo uliitwa Barrow hadi mwaka 2016 wakazi walipopiga kura kurudisha jina la kienyeji. Kituo kilianza kazi mwaka 1973. Ukipakua data zake za hewa ya kaboni dioksidi, utapata faili ya maandishi ya kawaida tu. Hakuna madoido. Mistari ya mwanzo inaanza kwa alama ya # na inaeleza kila kitu: nani alipima, kwa chombo gani, kwa kipimo gani. Baada ya hapo ni safu za namba: mwaka, mwezi, siku, thamani.

Hapa na pale utakutana na namba -999.99. Usishtuke. Maana yake ni "siku hii hatuna kipimo". Hawakuandika sifuri kwa sababu sifuri ni namba, na mtu angeweza kuiamini. Waliweka namba ya kijinga kabisa ili yeyote mwenye macho ajue kwamba hapo pana pengo. Ukikokotoa wastani bila kuitoa, grafu yako itatumbukia shimoni. Nilipenda uungwana huo: mtu anayekuambia waziwazi kwamba hapa sijui.

Nilipoichora, grafu ilitoka kama meno ya msumeno. Kila kiangazi cha kaskazini, kaboni inashuka kwa sababu misitu mikubwa ya Kanada, Siberia na kwingineko inaivuta. Majira ya baridi yakifika, majani yanaoza na namba inapanda tena. Utqiagvik mpando huo na mshuko unazidi sehemu 15 kwa milioni katika mwaka mmoja. Kule Mauna Loa, Hawaii, ni sehemu 6 au 7 hivi. Ni kama kuitazama nusu nzima ya dunia ikipumua.

Sasa chukua msumeno huo, uuinamishe kuelekea juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wastani ulikuwa karibu sehemu 330 kwa milioni. Leo umepita 420. Meno ni yale yale, lakini msumeno wenyewe haujawahi kurudi chini.

Sumu inayosafiri kwa kurukaruka

Kaboni angalau tumeizoea kuisikia. Kilichonikalisha kitako ni sumu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa afya katika jimbo la Quebec, Kanada, wakiongozwa na daktari Éric Dewailly, walikuwa wakipima kemikali zinazoitwa PCB katika maziwa ya akina mama. Walihitaji maziwa safi ya kulinganishia. Wakafikiri: tuchukue ya akina mama Wainuit wa kaskazini kabisa, maana kule hakuna viwanda, hakuna magari mengi, hewa ni safi. Majibu ya maabara yaliporudi, maziwa ya akina mama hao yalikuwa na PCB karibu mara 5 ya yale ya akina mama wa kusini.

PCB ni mafuta yaliyotumika zamani kwenye transfoma na mitambo ya umeme. Wakenya wenzangu, transfoma mnazijua, na zile habari za watu kuiba mafuta yake na kuyauzia wakaangaji chipsi mmezisikia. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa PCB mwaka 1979. Lakini kemikali za aina hii hazifi upesi. Zinakaa miaka na miaka kwenye udongo, majini na kwenye mafuta ya miili ya viumbe.

Zilifikaje kaskazini? Kwa hewa. Sehemu yenye joto, kemikali inageuka mvuke na kupaa. Upepo unaibeba. Ikifika penye baridi inatua. Joto likirudi inapaa tena, inasogea mbele, inatua tena, kama panzi anayeruka. Mwisho inafika mahali penye baridi kali kiasi kwamba haina tena nguvu ya kuruka. Aktiki ndiyo kituo chake cha mwisho. Huko inaingia kwenye vijimea vidogo vya baharini, vinaliwa na samaki, samaki wanaliwa na sili, na sili analiwa na dubu mweupe na binadamu. Kila hatua sumu inazidi kukolea, kwa kuwa hukaa kwenye mafuta. Mwindaji anayekula chakula cha mababu zake ndiye anayelipa deni la kiwanda asichowahi kukiona.

Kupima sumu hiyo hewani ni kazi ya subira. Pale Alert, nyuzi 82 kaskazini, mahali ambapo majira ya baridi jua halionekani kwa miezi, pampu kubwa inavuta hewa kupita kwenye chujio na kipande cha sponji. Sponji inafungwa, inapelekwa maabara kusini, inapimwa kwa mashine. Matokeo yanaandikwa kwa pikogramu kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Pikogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara trilioni moja. Kazi hii imefanyika Alert tangu mwaka 1992. Huko Zeppelin, kituo kimejengwa juu ya mlima mita 474 kutoka usawa wa bahari, ili moshi wa kijiji cha Ny-Ålesund kilicho chini usivuruge vipimo.

DDT, na mdogo wangu

Kati ya kemikali zilizopatikana Aktiki, DDT ilikuwamo. Na hapa ndipo habari ya barafu ilipoingia nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alifariki kwa malaria mwaka 2004, akiwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Kwetu hiyo haikuwa habari ya ajabu, kila boma lilikuwa na yake. Nyanya alikuwa akisema kwamba mbu wa Ahero wanajua majina ya watoto. Basi mtu akiniambia DDT ni sumu na ipigwe marufuku kila mahali, sehemu moja ya moyo wangu inauliza: na mbu je?

Kumbe swali hilo liliulizwa hapa hapa Nairobi. Mwezi Januari 1999, wajumbe wa nchi nyingi walikutana Gigiri, makao makuu ya UNEP, kujadili mkataba wa kuzuia kemikali sugu 12 za kwanza. Ulikuwa mkutano wa pili kati ya mitano. Sheila Watt-Cloutier, Muinuit kutoka Kanada, alikuja kuwasemea watu wake. Alimkabidhi mkuu wa UNEP wa wakati huo, Klaus Töpfer, sanamu ndogo ya mama Muinuit na mtoto wake. Katika mikutano iliyofuata, sanamu hiyo ilikaa mezani kwa mwenyekiti, wajumbe wakiiona wanapobishana juu ya vifungu.

Hebu fikiria uzito wa jambo lile. Upande mmoja mama wa Aktiki mwenye DDT katika maziwa yake. Upande wa pili mama wa Afrika ambaye DDT ukutani huenda ndiyo inayomkinga mwanawe. Ingekuwa rahisi sana kuwagonganisha. Lakini Wainuit hawakudai marufuku ya papo hapo ambayo ingewaacha watoto wa nchi nyingine bila kinga. Mkataba ulipotiwa saini Stockholm mwezi Mei 2001, DDT iliwekwa kwenye orodha yake ya pekee: kilimoni hapana, lakini nchi inayoihitaji dhidi ya mbu wa malaria inaweza kujiandikisha na kuitumia kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, huku njia mbadala zikitafutwa. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2004, na Kenya iliuridhia mwaka huo huo.

Sijui kama kuna mkataba mwingine ulionigusa hivi. Watu wa barafu walimfikiria mtoto wa mpungani wasiyemjua. Nami nikiwa nimekaa Nairobi nikichora grafu za hewa yao, naona ni kulipa kidogo tu.

Kutoa unachokijua ili uone usichokijua

Je, mkataba ulisaidia? Data za Alert na Zeppelin zinaonyesha kwamba nyingi ya zile kemikali za zamani zimepungua hewani katika miongo iliyofuata. Ndiyo, watu wakikubaliana, namba hushuka.

Lakini mwaka 2011 watafiti walichapisha jambo lililonifurahisha kama mwanaprogramu na kunitia hofu kama mtu. Walichukua vipimo vya Alert na Zeppelin kuanzia miaka ya 1990 hadi 2009. Wakatoa kwenye namba ule mteremko mkubwa wa kupungua, kisha wakatazama kilichobaki. Katika mabaki hayo, kwa kemikali kadhaa, waliona kwamba kiasi hewani kilikuwa kikipanda kadiri Aktiki inavyopata joto na barafu ya baharini inavyopungua. Yaani sumu iliyokuwa imelala kwenye barafu na maji kwa miaka mingi imeanza kuamka na kurudi hewani.

Ndugu msomaji, huo ni ufundi wa kawaida kabisa wa kazi yetu. Toa mwelekeo unaoujua, chunguza kinachobaki. Lakini hauwezekani kama huna miaka 15 au 20 ya vipimo visivyokatika. Data ya miaka miwili isingeonyesha chochote.

Na joto lenyewe si la kubahatisha. Tangu mwaka 1979, Aktiki imepata joto kwa kasi karibu mara nne ya wastani wa dunia. Septemba 2012 barafu ya baharini ilibaki kilomita za mraba milioni 3.4 tu, kiwango cha chini kuliko vyote tangu setilaiti zianze kuipima kila siku.

Siku kompyuta ilipomkataa shahidi

Sasa tufike kwenye kichwa cha makala. Desemba 2017, wataalamu wa NOAA walipoandaa ripoti ya mwezi ya Alaska waligundua kwamba Utqiagvik haipo. Data za mwaka mzima wa 2017 na miezi ya mwisho ya 2016 zilikuwa zimeondolewa. Hakuna mtu aliyezifuta. Ilikuwa ni programu.

Programu hiyo ina kazi ya maana. Vituo vya hali ya hewa huhamishwa, vipimajoto hubadilishwa, mji hujengwa karibu na kituo. Mambo hayo huleta mruko wa bandia kwenye namba. Basi programu inalinganisha kila kituo na majirani zake. Kituo kimoja kikiruka na wenzake wametulia, programu inasema hapa pana walakini, na inaziweka namba hizo kando.

Lakini Utqiagvik kipimajoto hakikuwa na kosa lolote. Barafu ya baharini ilikuwa imeondoka karibu na pwani, na bahari ikaachwa wazi kutoa joto lake wakati wa vuli. Oktoba za tangu mwaka 2000 zilikuwa na joto zaidi ya nyuzi 4 za Selsiasi kuliko Oktoba za miaka 1979 hadi 1999. Majirani wa kituo ni wachache na wako mbali. Kwa hiyo programu iliona mabadiliko makubwa kiasi hicho ikahitimisha kwamba hayawezi kuwa ya kweli.

Nilisoma kisa hicho mara tatu. Shahidi alisema kweli, na hakimu akamtoa mahakamani kwa sababu ukweli wake ulikuwa mkubwa mno.

Bahati njema, vipimo vya asili vilikuwa vimehifadhiwa, na wahusika wenyewe ndio waliotangaza na kueleza kilichotokea. Jambo linalofanana na hilo liliwahi kutokea upande wa pili wa dunia. Mwaka 1985 Joe Farman na wenzake, kwa chombo cha kizamani kilichokaa chini kwenye theluji ya Antaktika, walitangaza kwamba tabaka la ozoni linatoboka. Programu ya setilaiti ilikuwa imezitia namba zile alama ya shaka kwa sababu zilikuwa chini mno. Lakini ilizitia alama tu, haikuzifuta. Ndiyo maana wanasayansi waliweza kurudi nyuma na kuthibitisha.

Somo hilo lilinifaa nyumbani. Kuna mteja ambaye namtunzia programu ya vihisi vinavyopima kina cha maji kwenye mto, huko bonde la Nyando. Aprili 2024, wakati wa yale mafuriko, kihisi kimoja kilituma namba kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona. Meneja wa mteja akanipigia. "Hicho kimeharibika. Kitoe kwenye grafu, kinatuaibisha." Nikamwambia sitakitoa, nitakitia alama, halafu tumuulize mtu aliye pale. Tukampigia mzee anayeishi karibu na kihisi. Alijibu akihema: "Mwanangu, maji yako mlangoni, tunahamisha mbuzi." Namba ilikuwa sahihi. Meneja hakupendezwa nami siku ile, lakini usiku huo huo watu wa bonde la chini walipata ujumbe wa tahadhari.

Kwa hiyo sheria yangu kazini sasa ni hii: usifute, weka alama. Na kabla hujaiamini programu yako, mtafute mtu anayeishi pale namba inapotoka. Mwindaji Muinuit anayejua barafu imechelewa kuganda, na mzee wa Nyando anayehamisha mbuzi, wote ni vipimo.

Mapengo mapya

Kinachonisumbua zaidi siku hizi si namba za ajabu bali zile -999.99. Zaidi ya nusu ya pwani ya Bahari ya Aktiki iko Urusi. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi nyingine saba za Baraza la Aktiki zilisitisha ushirikiano nayo, na ushirikiano wa vituo vya utafiti ukavurugika. Siingii kwenye siasa yake hapa. Nasema tu kwamba hewa haijui mpaka, na mwaka uliopita bila kipimo hauwezi kupimwa tena. Programu mbovu utaiandika upya kesho. Jana huwezi kuipima kesho.

Sisi pia tuna sehemu yetu. Juu ya Mlima Kenya, mita 3,678, kuna kituo cha kupima hewa cha Idara yetu ya Hali ya Hewa, kwenye mtandao ule ule wa dunia wenye Alert na Zeppelin. Na mlima huo umewahi kutundikwa vile vibakuli vya chuma vyenye sponji vinavyokusanya kemikali sugu kutoka hewani. Panzi yule anayerukaruka hadi Aktiki anaanzia safari kwenye nchi za joto kama yetu. Tusipopima mwanzo wa safari, wenzetu wanapima mwisho wake tu.

Kwa vijana wanaosoma kompyuta na wanaotafuta mradi wa mwaka wa nne: achaneni kidogo na programu nyingine ya kuagiza chakula. Pakueni faili ya Utqiagvik, ni bure, na hata intaneti ya vipande vipande itaifungua. Soma mistari ile ya mwanzo yenye #, yote, usiiruke. Chora msumeno. Kisha tafuta data za mahali pako, za mvua au za mto, uone mapengo yako wapi na nani angeweza kuyaziba.

Usiku mwema, na chandarua usisahau.